Desemba ya Gusii na sikukuu zilizopoteza maneno

Kiswahili kina maneno mengi ya kutajia siku ambazo watu huweka chini jembe na kalamu wakakutana. Tuna sikukuu, sherehe, tamasha, likizo na idi. Katika mazungumzo ya kawaida tunayachanganya, wala si kosa kubwa. Lakini ukiyatazama moja moja utaona kila neno linashika upande wake wa jambo. Sikukuu ni siku iliyopewa ukuu juu ya siku nyingine. Tamasha, neno lililotufikia kutoka Uajemi na Bara Hindi, ni jambo la kutazamwa: wapo wanaocheza na wapo waliokaa vitini. Likizo linatokana na kitenzi likiza, yaani kumpa mtu ruhusa aende zake. Nalo idi, kwa maelezo ya wataalamu wengi wa Kiarabu, lina uhusiano na mzizi wenye maana ya kurudi. Idi ni siku inayorejea.

Hebu basi tuulize: Desemba katika kaunti za Kisii na Nyamira ni ipi kati ya hizo? Kila aliyewahi kupita Keroka, Nyamira mjini, Suneka au Ogembo mwishoni mwa mwaka anajua kwamba huo si mwezi wa kawaida. Magari kutoka Nairobi hufika yamejaa. Wavulana waliofunga shule huonekana wamejifunga shuka, wakitembea kwa uangalifu. Alfajiri husikika wanaume wakiimba esimbore, wimbo wa kumsindikiza kijana anayetoka kutahiriwa. Kuna nyama, kuna chapati, kuna jamaa ambao hamjaonana tangu mazishi ya mwisho. Ni sikukuu, ni likizo, au ni tamasha tu? Swali hili si la kamusi peke yake. Jibu lake linagusa miili ya watoto, hasa ya wasichana, na ndiyo maana nalileta ukumbini leo.

Nianze mbali kidogo. Nikilinganisha sherehe za jamii mbalimbali za Afrika Mashariki, naona kila moja imesimama juu ya mafiga matatu: wakati, tendo na maneno. Wakati ni kalenda inayoiita. Tendo ni lile jambo linalofanywa siku hiyo na halifanywi siku nyingine. Maneno ni mafunzo, nyimbo, dua na maelezo yanayolipa tendo maana. Figa moja likiondoka, chungu hakikai.

Tazama Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Asili yake ni Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa Kiajemi, ambayo watu wa pwani waliifanya yao kwa karne nyingi. Kalenda yake ni ya siku 365 bila nyongeza ya siku ya mwaka mrefu, na kwa hiyo sikukuu hii husogea polepole dhidi ya kalenda ya ofisini. Siku hizi huangukia Julai. Wanaume hupigana kwa vipande vya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba. Mgeni akiona atasema ni fujo. Mwenyeji atakueleza kwamba ugomvi wa mwaka unaoisha unamalizwa pale pale uwanjani, ili usivuke kuingia mwaka mpya. Maelezo hayo ndiyo maneno ya sherehe. Ukiyaondoa, kinachobaki ni watu wazima wanaochapana migomba.

Au tazama Maulidi ya Lamu, yaliyopata umaarufu kutokana na Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwezi wake Waswahili wanauita Mfunguo Sita, kwa sababu wao huhesabu miezi kuanzia ile siku ya kufungua baada ya Ramadhani: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili na kuendelea. Jina la mwezi peke yake lina historia ya jamii ndani yake.

Sasa turudi milimani Gusii. Zamani wakati wa tohara uliitwa na shamba. Wimbi, nafaka ambayo Abagusii huiita obori, lilipovunwa na maghala yakajaa, ndipo watoto walipoweza kuingizwa jandoni, maana huwezi kualika ukoo mzima na ghala ni tupu. Tendo lenyewe, okwaroka, lilifanywa na omosari, ngariba, kulipopambazuka na baridi ikiwa bado kali. Mvulana alisimama wima mbele ya wanaume waliompigia makelele na kumtisha, akitakiwa asitikisike. Baada ya hapo waliotahiriwa, abaware, walikaa utawani katika nyumba yao. Humo mlikuwa na moto ambao haukutakiwa kuzimika, na mlipandwa esuguta, majani mabichi ambayo hayakutakiwa kukauka. Usiku ulisikika mlio wa enyabububu, ambao watoto wadogo waliambiwa ni wa mnyama wa kutisha, na siri yake ilifunuliwa kwa aliyeingia utawani tu. Mwanaanthropolojia Philip Mayer aliandika juu ya sherehe hizi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Robert na Barbara LeVine wakaziona katika miaka hiyo hiyo walipokuwa wakichunguza kijiji walichokiita Nyansongo.

Msomaji wa Kiswahili asidhani haya ni mambo ya kigeni kwake. Sikiliza maneno. Omware wa Ekegusii na mwali wa Kiswahili, yule anayewekwa ndani akafundwa, ni ndugu wa damu katika ukoo wa lugha za Kibantu. Kikuu kilichofundishwa utawani ni chinsoni, yaani kanuni za heshima na staha: kijana ajue asiingie wapi katika nyumba ya mamake, asiseme nini mbele ya babake, amwamkie nani na vipi. Neno hilo lina jamaa yake pwani. Anayesema "ameona soni" anasema ameona aibu. Watu wa Lamu na watu wa Nyaribari wametengana kwa mamia ya kilomita na kwa dini, ila walikubaliana tangu kale kwamba mtu mzima ni yule anayejua kuona soni.

Kwa hiyo mafiga yote matatu yalikuwapo. Wakati uliletwa na mavuno, tendo lilikuwa kisu na ujasiri, na maneno yalikuwa chinsoni pamoja na nyimbo na siri za utawani. Nini kilitokea?

Kilichotokea ni historia ya karne moja. Mwaka wa 1905 na tena 1908 Waingereza walileta majeshi Gusii. Safari ya pili ilikuja baada ya kijana Otenyo, ambaye simulizi zinasema alichochewa na nabii Moraa, kumchoma mkuki afisa wa wilaya aliyeitwa Northcote. Katika miaka ya mwanzo ya ukoloni ebisarate, yaani vijiji vya mifugo walikoishi vijana waliotahiriwa, vilivunjwa, maana serikali iliviona kuwa kambi za wapiganaji. Hapo ndipo lilipopotea darasa la pili la kijana wa Kigusii: alipotoka utawani hakuwa na mahali pa kuendeleza mafunzo pamoja na marika wake. Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu 1911, na Waadventista Wasabato wakafungua kituo Nyanchwa 1912. Wakaja na kalenda yao, juma la siku saba lenye siku ya ibada, na shule yenye kengele.

Baadaye kahawa ikaingia, kisha chai ikafunika vilima vya Nyamira, na wimbi likarudi nyuma. Mashamba yakagawanywa na kugawanywa tena mpaka mengine hayatoshi kulisha ng'ombe wawili. Taratibu figa la wakati likabadilishwa bila mkutano wowote kuitishwa. Leo anayeamua tohara ifanyike lini ni Wizara ya Elimu, kwa kupanga likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Anayeamua karamu iwe ya kadiri gani ni bonasi ya majani chai, inayolipwa miezi michache kabla ya Desemba. Silalamiki. Kalenda zote hubadilika, na hata Nairuzi ya Makunduchi ilitoka Uajemi. Figa la wakati limebadilika sura lakini lipo.

Kwa wavulana hata tendo limebadilika bila madhara. Wengi sasa hutahiriwa hospitalini au na mhudumu wa afya, kwa ganzi na vifaa safi, wala hakuna mzazi mwenye akili anayetamani wembe mmoja upite kwa watoto kumi. Figa lililovunjika ni la tatu. Utawa uliokuwa na majuma ya mafunzo umekuwa siku chache za kuuguza kidonda mbele ya runinga. Wanaoitwa walezi wa abaware mara nyingi ni vijana waliotoka jandoni juzi, na badala ya chinsoni wanafundisha matusi. Mtoto anatoka pale akiwa na jeraha lililopona na zawadi za mashangazi, lakini ukimuuliza amefunzwa nini atakutazama tu.

Kwa wasichana hali ni nzito zaidi, na hapa lazima tuseme wazi. Abagusii ni miongoni mwa jamii za Kenya zilizokeketa wasichana karibu wote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008-09 ulionyesha asilimia 96 ya wanawake wa jamii hii walikuwa wamekeketwa, na ule wa 2014 ukaonyesha asilimia 84, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa umeshuka kutoka 27 hadi 21. Sheria ya 2011 inapiga marufuku ukeketaji, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Matokeo yake? Desturi imepungua, lakini sehemu iliyobaki imejificha. Msichana anapelekwa usiku kwa nyumba ya jamaa. Umri umeshushwa ili asiweze kupinga wala kusema shuleni. Anayeshika kisu mara nyingi ni mtu aliyesomea uuguzi, anayelipwa kwa siri.

Sasa tumia mizani yetu ya mafiga matatu. Zamani sherehe ya wasichana ilikuwa ya hadharani. Wanawake walicheza na kuimba njiani, wakati ukijulikana na kila mtu, na msichana aliingia utawani kufundwa na wanawake wazima. Leo hakuna wakati, kwa sababu yanafanywa kwa kuvizia. Hakuna maneno, kwa sababu mtoto wa miaka minane aliyefichwa hafundwi chochote, anaambiwa anyamaze. Kilichobaki ni kisu. Kwa hiyo yule anayesimama barazani akapiga kifua eti analinda mila ya Abagusii, na kutupa ile methali ya mwacha mila ni mtumwa, aulizwe swali moja tu: mila iko wapi? Sherehe ilishakufa. Anacholinda ni sehemu yake iliyo na madhara, na amewaacha mafunzo, nyimbo na furaha viende zake.

Kuna atakayejibu: basi piga marufuku, kamata watu, yaishe. Sheria inahitajika, naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini historia ya jirani zetu inaonyesha kwamba marufuku peke yake hayajazi pengo. Mwaka wa 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji huko Meru, kwa msukumo wa wakoloni. Wasichana wakaanza kukeketana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani wale waliosema "nitajitahiri mwenyewe." Msichana wa wakati ule hakuwa mjinga. Alikuwa akiogopa kubaki mtoto milele, maana mlango wa utu uzima ulikuwa mmoja na umefungwa, na hakuna aliyemwonyesha mwingine.

Je, mlango mwingine upo? Upo, na hauhitaji kuagizwa Ulaya. Pwani na Visiwani kuna unyago. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia inamjua kama mwimbaji wa taarabu, lakini Unguja alijulikana pia kama mwalimu wa unyago. Kungwi kama yeye alimfunda mwali kwa ngoma, kwa mafumbo, kwa nyimbo na kwa maelezo ya ndoa na mwili. Msichana aliingia mtoto akatoka mwanamke, na kilichombadilisha kilikuwa maneno. Mtu anaweza kutokubaliana na baadhi ya yaliyofundishwa, hiyo ni haki yake. Jambo la kushika ni kwamba jamii ya Kiafrika iliweza kumvusha msichana kwa sherehe nzito isiyo na kisu.

Mfano wa pili uko ng'ambo, na unatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka wa 1966 Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa miongoni mwa Wamarekani Weusi, sikukuu ya siku saba kuanzia Desemba 26 hadi Januari mosi. Jina lilitolewa katika fungu la maneno "matunda ya kwanza," na kila siku ina nguzo yake kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Watu huamkiana kwa "Habari gani?" na jibu huwa nguzo ya siku ile. Wapo wanaoidharau wakisema ni sikukuu ya kutengenezwa. Kwani ipi haikutengenezwa? Watu ambao utumwa uliwanyang'anya kalenda, ukoo na lugha walikaa chini wakaunda sikukuu wakianza na figa la maneno, na wakayachukua kwetu. Ajabu ni kwamba Gusii tuna kinyume chake: wakati tunao, karamu tunayo, maneno tumeyatupa.

Mfano wa tatu uko Uganda. Tangu 2007 Nnabagereka wa Buganda, Sylvia Nagginda, ameendesha Ekisaakaate, kambi ya likizo inayofundisha watoto adabu, lugha, kazi za mikono na historia. Hapa kwetu pia dalili njema zipo. Makanisa ya Kisii na Nyamira huwakusanya vijana Desemba kwa semina, na baadhi ya mashirika yamekuwa yakiandaa sherehe za kuwavusha wasichana bila kukeketwa. Waadventista wana makambi yao ya kila mwaka, hasa Agosti, ambapo familia huhamia uwanjani, wakapika, wakala pamoja na kufundishwa kila rika kwa kiwango chake. Ukiyachunguza utaona makambi yameshatimiza masharti yote ya sikukuu: yana wakati unaojulikana, tendo lake na maneno yake. Yamekuwa mila ya Gusii bila mtu kuyaita mila.

Tatizo la semina nyingi za Desemba ni kwamba zinaendeshwa kama darasa. Mkufunzi anakuja na makaratasi, anasema ukeketaji ni mbaya (na kweli ni mbaya), watoto wanapewa soda na vyeti, wanaenda nyumbani. Hakuna nyanya aliyeketishwa mbele. Hakuna wimbo wa Ekegusii. Hakuna baba aliyesimama mbele ya ukoo akasema: huyu binti sasa ni mtu mzima, atasikilizwa katika baraza la nyumba yangu. Bila tamko kama hilo binti anayerudi kijijini bado ataitwa egesagane, jina la msichana ambaye hajatahiriwa, na neno hilo likitamkwa kwa dharau kisimani au njiani lina nguvu kuliko cheti chochote.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya watu wa lugha. Jina egesagane liondolewe dharau, au libadilishwe. Linahitajika jina la heshima kwa msichana aliyefundwa bila kukatwa, kama vile Kiswahili kinavyosema mwali bila kuuliza kisu kilipita wapi. Mafunzo ya chinsoni yaandikwe kutoka vinywani mwa wazee wachache waliobaki, kwa Ekegusii na kwa Kiswahili, tukipalilia yale yanayomdhulumu mwanamke na kubakisha yale ya staha. Nyimbo zirekodiwe. Walimu wa shule, ambao wana watoto wale wale Novemba kabla hawajafunga, wapewe nafasi. Kaunti hizi mbili, zenye jumla ya watu zaidi ya 1,870,000 kwa hesabu ya 2019, haziwezi kukosa wazee na vijana wa kazi hiyo.

Tusitegemee serikali kuu itutengenezee sikukuu. Katiba ya 2010 ilibakisha siku tatu za kitaifa: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Oktoba 10 ilikuwa Siku ya Moi, ikaja kuitwa Siku ya Utamaduni, na 2024 ikageuzwa kuwa Siku ya Mazingira. Jina la siku hubadilishwa kwa kalamu, lakini siku huwa kuu pale tu watu wanapokuwa na jambo la kufanya na la kuambiana.

Desemba inakuja tena, kama idi inavyorejea. Mzazi wa Kitutu, wa Bobasi, wa Borabu au wa Mugirango aliye na binti wa miaka minane au tisa atakaa na mkewe au mumewe waamue. Nyama itakuwapo na jamaa watafika. Wanachopaswa kukitafuta mapema ni mtu wa kumfunda, na cha kumwambia.